Nairobi Ilijengwa Bila Jiko

Mamangu akinipigia simu haulizi nimekula nini. Anauliza nimekula wapi.

Kwake Molo swali hilo lina jibu moja tu. Mtu hula nyumbani. Ukila kwingine, uko safarini, uko matangani, au kuna shida. Kwa hivyo kila nikimjibu "kwa Mathe", anatulia kidogo, halafu anauliza kama hiyo pesa nisingenunua unga nikajipikia kama binadamu.

Mathe si mathe wangu. Ni mama wa kibanda, mita hamsini kutoka kwa geti ya ploti yetu, hapo karibu na stage. Mtaa mzima unamwita hivyo. Nilianza kula kwake mwaka nilioacha chuo. Sikufukuzwa. Karo iliisha, halafu hamu nayo ikaisha, nikabaki Nairobi nikiandika vitu vya watu kwa bei ambayo ningeona haya kuitaja. Mathe alinifungulia ukurasa kwenye daftari lake. Chapati mbili, madondo, nusu avokado. Nilikuwa nalipa mwisho wa wiki, wiki ikiwa na mwisho.

Wacha nitoe maoni yangu mapema, tukigombana tugombane tukijuana. Moja: chapati ya kibanda inaishinda ya nyumbani. Sababu ni chuma. Kile chuma cha kibanda hakijapoa tangu saa kumi na moja asubuhi, na chapati inapenda chuma ambacho hakipoi. Mbili: ugali wa nyumbani haujawahi kushindwa na hautashindwa, kwa sababu ugali wa kibanda umekaa ukifunikwa na karatasi, na ugali ukingoja unakasirika. Tatu: sukuma ya kibanda imeiva kupita kiasi Nairobi nzima, na sijapata mtu wa kunieleza kwa nini. Nne: ukiona hoteli yenye vyakula kumi na viwili vimeandikwa kwa chaki ukutani, usisome. Uliza "kuna nini?" Viko vitatu.

Na ndiyo, huku kwetu hoteli ni mahali pa kula. Hakuna anayelala.

Lakini swali la mamangu lilinikaa. Kwa nini nakula nje kila siku, mimi ambaye sina pesa? Kwingine mtu anakula nje akiwa ameomoka. Mimi nakula nje kwa sababu nimesota. Keja yangu ni futi kumi kwa kumi: kitanda, meza, ndoo mbili, na rafu ya saruji kando ya mlango wa choo. Mwenye ploti aliponionyesha nyumba aliielekezea kidole hiyo rafu akasema, "Na hapa ni jikoni." Maharagwe yanataka saa mbili au tatu za moto. Nikiyachemsha mimi kwa gesi, nimechoma gesi ya wiki kwa sahani tatu. Mathe anachemsha kilo kumi kwa jiko moja la makaa, na moto ule ule unawagharamia watu sitini. Hesabu yake inanishinda kabla sijawasha kiberiti.

Nilipoanza kusoma historia ya huu mji, kwa simu, usiku, bando ikiwa imebaki kidogo, niligundua kwamba ile rafu ya saruji si ubahili wa mwenye ploti peke yake. Ina zaidi ya miaka mia moja.

*

Reli ilifika hapa mwisho wa Mei 1899. Palikuwa na kinamasi na malisho ya Wamaasai, na jina la mji lilitoka kwao, kwa maji baridi ya mto. Mwaka huo huo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa yakaletwa juu. Mji ukapangwa kwa akili ya reli: karakana hapa, bohari pale, maofisa mlimani kwenye hewa safi, bazaa ya Wahindi chini kwenye matope. Na Waafrika? Popote watakapojibana.

Mwafrika hakuhesabiwa kama mtu anayehamia mjini. Alihesabiwa kama mtu anayepita. Serikali ya kikoloni iliweka kodi ya kibanda, kila nyumba ya nyasi kijijini ilipiwe, ili mwanaume alazimike kutafuta pesa kwa mzungu. Aje, afanye kazi, alipwe kidogo, arudi kwao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akafungiwa na kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kikionyesha ni nani na nani amemwajiri. Mwanaume huyo alipangiwa nafasi ya kitanda. Mke wake hakupangiwa kitu. Watoto wake hawakupangiwa kitu. Ilidhaniwa wako kwao, wanalima, na kwamba shamba la mke litaziba pengo la mshahara wa mume.

Mtu wa aina hiyo utamjengea jikoni ya nini? Kwa mawazo ya wakati ule, jikoni ni mahali pa mwanamke, na mwanamke hakutakiwa mjini. Kwa hivyo Nairobi ikaanza maisha ikiwa na maelfu ya wanaume wenye njaa na bila jiko.

Mimi nikisoma hayo nikaangalia ile rafu. Kitanda kimoja, mtu mmoja, hakuna pa kupikia. Mimi ni yule jamaa wa kipande, tofauti ni simu.

*

Sasa tuangalie sahani yenyewe, kwa sababu kila kitu kilichoko juu yake kilifika kwa njia.

Chapati kwanza. Kati ya 1896 na 1901 karibu watu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi waliobaki hai walirudi kwao, na zaidi ya 6,000 wakaamua kukaa. Pwani haikuwangoja wao, maana Pwani na India zimekula na kuuziana vitu kwa karne nyingi kabla ya reli. Lakini bara, mkate huu wa chumani ulipanda na reli na kushuka stesheni moja baada ya nyingine, pamoja na duka la Mhindi, chumvi, sukari na majani ya chai.

Ngano nayo ilikuwa biashara ya masetla. Lord Delamere alihangaika nayo kule Njoro, ikaugua kutu, akaendelea, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga akaiita Unga. Jina hilo bado liko sokoni. Kwa miaka mingi unga wa ngano ulikuwa kitu cha pesa, na ndiyo maana kwa watu wa umri wa mamangu chapati ni Krismasi. Alipikiwa chapati siku moja kwa mwaka, watoto wakizihesabu kabla hazijatoka motoni. Akisikia mimi nimekula chapati Jumanne, na tena kwa deni, anaona ama nina pesa namficha ama nimepotoka.

Halafu ugali. Hapa ndipo watu watanikasirikia.

Ugali mweupe tunaouita chakula cha mababu si wa zamani hivyo. Mahindi yalitoka Marekani ya Kati, yakaletwa na meli za Wareno. Hata jina la Kiswahili linatueleza kwamba watu wa Pwani walidhani yanatoka kwa Wahindi. Kabla ya mahindi kutawala, nafaka za huku zilikuwa mtama, wimbi na mawele. Nyanyangu alijua wimbi, lakini alipokuwa mtu mzima lilikuwa limeshuka cheo likawa uji wa wagonjwa na akina mama waliojifungua.

Kilichoyapandisha mahindi ni kazi ya mzungu. Kazini mtu alipewa posho, yaani chakula cha siku, na posho ikawa unga wa mahindi kwa sababu ulikuwa rahisi kubeba na rahisi kupima. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waafrika kwa malaki walichukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo dhidi ya Wajerumani. Walilishwa unga wa mahindi, mara nyingi mbaya, mara nyingi usioiva kwa kukosa muda na kuni, na matumbo yao yakaharibika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Sisi tukakiita Kariokor, na leo ni mtaa na soko, mahali pa kununua vyondo na kula nyama choma Jumapili. Ukienda Uganda ukaagiza ugali, wanauita posho. Wamebaki na jina la kazini. Sisi tumebaki na chakula tukasahau jina.

Hata weupe wake una sababu. Masetla walipanda mbegu nyeupe zilizotoka Afrika Kusini, wakilenga soko la ng'ambo, na mahindi hayo hayo ndiyo yaliyolisha wafanyakazi wao. Mwaka wa 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, watafiti wa Kitale wakatoa mbegu chotara ya H611, nyeupe pia, na wakulima wadogo wakaichangamkia. Miaka ishirini baadaye ukame wa 1984 ukapiga, na mahindi ya manjano yakaletwa kwa meli. Muulize mtu yeyote aliyekuwa mkubwa wakati huo. Atakwambia yalinuka, yalikuwa chakula cha ng'ombe, ugali wake ulikuwa na rangi ya aibu. Njaa iko, chakula kiko, na bado watu wanakasirika kwa sababu ya rangi. Mioyo yetu ilikuwa imeshazoea weupe.

Sisemi ugali si wetu. Nimeula maisha yangu yote, ni wangu. Nasema tu kwamba "asili" ni neno la kuangalia mara mbili. Unga ukipanda bei serikali hutetemeka, na inajua kwa nini. Mwaka wa 2017, uchaguzi ukikaribia, pakiti ya kilo mbili iliteremshwa hadi shilingi 90. Mwaka wa 2022, uchaguzi ukikaribia tena, ikateremshwa hadi 100. Kila mara ilishuka kabla ya kura na kupanda baada ya kura.

Na uchaguzi huo wa 2017 ndio uliotupa yule jamaa wa githeri, aliyepigwa picha kwenye foleni ya kura Kayole akila kutoka kwa karatasi ya plastiki kana kwamba demokrasia inaweza kungoja. Tulicheka wiki nzima. Siku ishirini baada ya kura, tarehe 28 Agosti, karatasi hizo zikapigwa marufuku nchi nzima. Githeri yenyewe ilibaki: mahindi na maharagwe, chakula cha boma, halafu cha bweni, halafu cha kibanda. Kuihusu githeri maoni yangu ni mafupi. Iliyokaangwa ni chakula. Ya shule ilikuwa adhabu.

*

Lakini nani alikuwa akipika? Hilo ndilo swali ambalo vitabu vingi vya reli na magavana vinaruka.

Jibu ni wanawake ambao hawakutakiwa kuwepo. Serikali ilitenga mtaa wa Waafrika Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na huko na Pangani wanawake walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe, wengi wakiwa Waislamu, wakikodisha vyumba. Mwanahistoria Luise White alikaa na wazee wa Pumwani miaka ya 1970 akisikiliza, na mwaka wa 1990 akatoa kitabu kinachoitwa The Comforts of Home. Ni kitabu kuhusu ukahaba katika Nairobi ya mkoloni. Nilikifungua nikitarajia kitu kimoja nikapata kingine. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wakiuza kitanda peke yake. Mwanaume alipata chai. Alipata chakula cha moto, maji ya kuoga, mahali pa kukaa akiwa mtu kwa saa chache. Walikuwa wanauza nyumbani, kwa kipimo kidogo kidogo, kwa mtu ambaye mji ulikuwa umemnyima nyumbani.

Lile jina walilopewa sisi tunalitumia kama tusi, la kumtupia mwanamke barabarani. Lakini kwa pesa hizo walijenga nyumba, wakafuga kodi, wakarithisha. Na mji ulikula kwao. Mtu hasukumi mabehewa akiwa na njaa.

Wengine walitoka mashambani kwa miguu. Claire Robertson, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu biashara za wanawake wa Nairobi na viunga vyake, anawafuata waliotembea kutoka Kiambu na mizigo mgongoni, wakiuza maharagwe na mahindi. Anaonyesha pia jinsi njahi, ile nyeusi yenye kikono cheupe, iliyokuwa chakula cha heshima cha Wakikuyu, ilivyosukumwa pembeni na maharagwe ambayo wakoloni waliyataka kwa soko la nje. Rosecoco unayokula kwa kibanda leo ukidhani ni ya tangu zamani ilipita kwenye njia hiyo. Sikujua. Nimekula madondo mara mia ngapi sijui, na sikujua.

Halafu kuna mshahara. Kwa muda mrefu kima cha chini cha mshahara mjini kilipigiwa hesabu ya mwanaume mmoja asiye na familia. Ilikuwa hadi 1954, katikati ya Hali ya Hatari, mwaka ule ule wa Operesheni Anvil, ambapo kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza kwamba Mwafrika mjini alipwe mshahara unaotosha mke na watoto. Yaani mji ulikuwa na miaka hamsini na mitano kabla mtu wa serikali hajaandika kwenye karatasi kwamba mfanyakazi ana familia na familia hula.

Uhuru ulipokuja, familia nazo zikaja. Lakini vyumba vilibaki vile vile, na ploti mpya zilizojengwa zikaiga za zamani: chumba, kitanda, mlango, bomba moja uani. Mshahara haukufika mwisho wa mwezi, na hapo ndipo ile mboga ya majani ikapata jina lake. Sukuma wiki. Hakuna jina la chakula lenye uaminifu zaidi ya hilo. Halisemi ni tamu. Linasema utafika Jumamosi.

*

Huu mji unapokasirika huwa unabomoa, na kila ukibomoa husema ni usafi.

Mwaka wa 1902 tauni ilipoingia, bazaa ya Wahindi ilichomwa moto kwa amri. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kikabomolewa, pamoja na nyumba za wanawake wale, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Mei 1990 ikawa zamu ya Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, ambapo watu waliishi na kufanya biashara. Wakazi walipigana na askari kwa mawe. Ilikuwa mwaka wa siasa kali, viongozi wa kanisa wakapaza sauti, na jina Muoroto likabaki kwenye midomo ya watu wa umri fulani kama jeraha.

Katikati ya hayo kuna kichekesho. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya, wakaangalia mafundi, wachuuzi na wapishi hawa wasio na leseni, wakaandika ripoti ikisema kwamba hawa si uchafu wa mji, ni uchumi wake. Ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani lile wazo la "sekta isiyo rasmi". Vyuo vikuu vya ng'ambo vinaifundisha. Nairobi ilimfundisha ulimwengu kumheshimu mama wa kibanda, halafu ikarudi kumbomolea.

Sitaki kuwa mtu wa kupamba. Usafi si uongo mtupu. Kuna kibanda kimoja, si cha Mathe, kilichonilaza siku tatu nikiongea na ukuta, na kipindupindu hakisomi historia. Lakini angalia inavyofanyika. Kibanda hakina bomba kwa sababu kibanda hakipo kisheria. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kuunganishiwa maji. Kwa kuwa hakina maji, ni kichafu. Kwa kuwa ni kichafu, kibomolewe. Na asubuhi hiyo hiyo mwenyewe amelipa tikiti ya kufanyia biashara hapo. Mathe alikuwa na rundo la tikiti hizo ndani ya kopo la Blue Band, za miaka, zimefungwa kwa raba.

"Za nini, Mathe?" nilimuuliza siku moja.

"Ushahidi," akasema.

"Ushahidi wa nini?"

"Ati nilikuwa hapa, kijana yangu."

*

Alama nyekundu ya X ilichorwa kwenye bati lake siku ya Alhamisi. Barabara itapanuliwa, walisema. Mathe aliendelea kupika. Nilimuuliza ataenda wapi, akasema watu wa X huwa wanachora halafu wanasahau. Watu wa meza walikubaliana naye, kwa sababu tulitaka kukubaliana naye.

Wiki ya pili tingatinga ilikuja usiku. Asubuhi nilipotoka nilikuta stage ikiwa pana kama uwanja. Yale mawe matatu ya sufuria kubwa yalikuwa hapo, meusi, na mtu alikuwa ameshachukua mabati. Nilikuwa na deni la shilingi 1,840.

Jirani yangu wa ploti alinipiga bega. "Umeokolewa, bro. Hilo deni limezikwa."

Nakiri nilihesabu. Kwa 1,840 mtu aliyesota anaishi siku nyingi. Nilinunua noodles. Nilinunua unga, kama mamangu alivyotaka, nikasonga ugali kwenye ile rafu ya saruji huku moshi wa mafuta ukitoka kwa mlango wa choo. Nilikula peke yangu nikiangalia ukuta. Kwa kibanda huwa unakula ukisikiliza watu wa bodaboda wakibishana kuhusu Arsenal, na mzee wa welding akilia kuhusu mtoto wake, na Mathe akimkata mtu maneno bila kuinua macho kwenye chuma. Sikuwa nimejua kwamba hicho nacho nilikuwa nakinunua kwa shilingi tisini.

Baada ya wiki tatu nikalipwa pesa ya makala. Nikarudi nyuma kwenye meseji zangu za M-Pesa nikatafuta siku niliyomtumia mara ya mwisho. Namba ilikuwepo. Na kando ya namba, kwa herufi kubwa, majina yake matatu. Nilikuwa nimekula mikononi mwa huyu mama karibu miaka miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyasoma vizuri.

Nikatuma 1,840. Dakika haikuisha, simu ikalia.

"Nani huyu ananitumia pesa?"

"Ni mimi, Mathe. Deni lako."

"Wewe nani?"

Nikataja jina langu. Kimya. Nikataja la baba. Kimya zaidi.

"Chapo mbili," nikasema. "Madondo, nusu avokado."

"Aaaah!" Nilisikia akimgeukia mtu. "Ni Chapo Mbili! Yule wa kukaa pembeni na simu!" Halafu akanirudia. "Daftari lilizikwa pale, kijana yangu. Sikumbuki ninadai nani. Mmepiga simu wawili."

Wawili. Daftari lilikuwa na kurasa nyingi.

Alinieleza aliko. Nyuma ya kituo cha mafuta, njia ya pili, amejibana na mama mwingine wa samaki, jiko moja wanalitumia kwa zamu, yeye asubuhi, mwenzake jioni. Kopo la tikiti aliliokoa. Bado anazihifadhi.

Nimekuwa nikifikiria hilo daftari. Mimi niliandikwa humo kama Chapo Mbili. Yeye kwangu alikuwa Mathe. Ukitafuta kwenye kumbukumbu za huu mji wanawake waliolisha watu wa reli, wa bandari kavu, wa viwandani, utapata faini, utapata amri za kubomoa, utapata ripoti za maofisa wa afya wakilalamika kuhusu nzi. Majina ni haba. Mji ulijua wamepika nini na umewabomolea wapi. Kuwauliza wanaitwa nani lilikuwa jambo jingine.

Jioni mamangu akapiga.

"Umekula wapi?"

"Kwa Mathe. Amepata mahali."

Akatulia, kama kawaida yake. Nilijiandaa kwa habari ya unga.

"Huyo mama," akasema, "anaitwa nani?"

Nikamwambia, majina yote matatu. Akayarudia polepole, kama mtu anayeandika.